Je, Levellers hawakuwahi kuwa chini ya kampuni? Jibu kwa muuguzi wa Brighton

Swali: Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa tatu Brighton. Mwenzangu wa zamu ya usiku, mzee wa hapa hapa, hunisikilizisha nyimbo za bendi inayoitwa Levellers. Anasema walianza wenyewe, wakatoa santuri zao wenyewe, na hawajawahi kuwa chini ya kampuni yoyote. Ni kweli? Waliishi kwa kula nini kabla hawajajulikana? Halafu ile fidla: mimi nimekulia Unguja, fidla ninayoijua ni ya taarab. Hii yao ni muziki wa jadi wa Kiingereza au kitu kingine? Amenialika twende kuwaona, nami sijui hata nisimame wapi.

Jibu: Dada yangu, mwenzako amekupa hadithi nzuri, ila ameipiga pasi. Mimi nitairudishia makunyanzi yake, maana utamu umo humo.

Nianze na lile la kampuni. Santuri mbili za mwanzo, zote za mwaka 1989, walizitoa wenyewe kwa lebo yao iliyoitwa Hag. Hapo mzee wako yuko sahihi. Lakini albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1990, ilitolewa na Musidisc, kampuni ya Kifaransa. Na ile ya pili, iliyowafanya wajulikane Uingereza nzima mwaka 1991, ilitolewa na China Records ya London. Yaani muda ambao bendi hii haikuwa na mkataba na mtu ulikuwa mfupi sana, kama mwaka mmoja na kitu. Pamoja na hayo, ukiniuliza kama ilikuwa bendi huru, nitakujibu ndiyo. Uhuru wao tu haukukaa pale mzee anapouelekeza.

Twende Brighton ya mwaka 1988. Mark Chadwick anaimba na kupiga gitaa. Jeremy Cunningham, mwenye nywele za rasta zilizomfika kiunoni, anapiga besi, na ndiye pia anayechora majalada na mabango ya bendi. Charlie Heather yuko kwenye dramu. Jonathan Sevink ana fidla. Wa tano ni Alan Miles, gitaa na sauti. Huyu ataondoka mwaka 1990 na nafasi yake kuchukuliwa na Simon Friend, aliyekuja na gitaa, mandolini na nyimbo zake mwenyewe. Hawakuwa wa kwanza mjini humo kuchanganya fidla na roki. Tayari kulikuwa na kundi la McDermott's 2 Hours la mtunzi Nick Burbridge, lililochukua miondoko ya Ireland na kuipiga kwa hasira. Levellers walisikiliza vizuri. Miaka mitano baadaye walirekodi wimbo wa Burbridge, "Dirty Davey", wakauweka kwenye albamu yao wenyewe. Nakutajia hili kwa sababu hadithi za bendi kujizalisha zenyewe huwa zinamsahau jirani aliyetangulia.

Jina nalo lina mambo yake. Levellers wa kwanza hawakuwa wanamuziki. Walikuwa watu wa miaka ya 1640, wakati Waingereza wanapigana wao kwa wao, Bunge upande huu na Mfalme Charles upande ule. Miongoni mwa askari wa Bunge na mafundi wa London likazuka kundi lililodai kura itolewe kwa watu wengi zaidi, sheria iwe moja kwa mkubwa na mdogo, na kila mtu aabudu anavyoona. Mtu wao maarufu ni John Lilburne, ambaye maisha yake yalikuwa kuingia jela na kutoka. Maadui zao ndio waliowaita Levellers, yaani wasawazishaji, watu wanaotaka kubomoa kila kilichoinuka. Mwezi Mei 1649 Cromwell, jenerali wa jeshi hilo la Bunge, aliwakamata askari walioasi wa kundi hilo katika mji mdogo wa Burford, na watatu wakapigwa risasi uwanjani mwa kanisa. Sasa fikiria vijana wa mwaka 1988 wanaamua kujiita hivyo. Ilikuwa tusi lililookotwa likavaliwa kama kofia.

Na ule wakati wenyewe huwezi kuuruka. Margaret Thatcher alikuwa madarakani tangu 1979. Kodi ya kichwa ilianza Scotland mwaka 1989 na Uingereza na Wales mwaka uliofuata, na tarehe 31 Machi 1990 watu wakapambana na polisi pale Trafalgar Square. Lakini kwa mashabiki wa Levellers jeraha lilikuwa la zamani kidogo, la tarehe 1 Juni 1985.

Kuanzia 1974 hadi 1984 kulikuwa na tamasha la bure karibu na mawe ya kale ya Stonehenge, kila kiangazi. Baada ya muda likazaa watu wa kuhamahama: waliouza au kuacha nyumba, wakanunua mabasi mabovu na malori, wakaishi humo wakitoka tamasha hili kwenda lile. Mwaka 1985 mahakama ikatoa amri ya kuzuia tamasha. Msafara ulipokaribia, polisi wapatao 1,300 wakaufungia njia kwa kumwaga kokoto barabarani. Magari yakatoka barabarani, yakaingia shambani. Yaliyofuata ni vioo vya mabasi kuvunjwa kwa virungu huku watoto wakiwa ndani, na zaidi ya watu 500 kukamatwa. Likaitwa Pambano la Shamba la Maharage. Jambo ambalo bado hunishangaza ni shahidi wao mkubwa: Earl wa Cardigan, lodi mwenye msitu ambamo walilala usiku ule wa kuamkia pambano. Yeye alikuwa mtu wa tabaka la wenye nchi, na bado akasimama mahakamani kueleza alichokiona kwa macho yake. Mwaka 1991, wasafiri 21 wakashinda kesi ya madai dhidi ya polisi wa Wiltshire, mkoa wenye mawe yale. Mwaka huo huo Levellers wakatoa wimbo unaoitwa kwa jina la pambano hilo. Kwa hiyo usidhani walikuwa wanaimba historia ya babu zao. Waliokuwa wamesimama mbele ya jukwaa, baadhi walikuwa kwenye yale mabasi.

Haya, sasa lile la kula.

Bendi nyingi za Uingereza za miaka ile zililelewa na serikali ambayo zenyewe zilikuwa zinaitukana. Kijana asiye na kazi alipata posho, ndogo lakini ya uhakika, na kodi ya chumba ikasaidiwa. Kulikuwa pia na mpango wa Thatcher mwenyewe wa kuwageuza wasio na kazi kuwa wafanyabiashara: ukionyesha benki una pauni 1,000, hata za kuazima kwa siku moja, unalipwa pauni 40 kwa wiki kwa mwaka mzima ili uendeshe biashara yako. Wengi wakajiandikisha kuwa wana biashara ya muziki. Sera iliyobuniwa kuzaa wauza maduka ikazaa wapiga gitaa na wenye lebo ndogo. Serikali nyingine ingelia.

Miaka niliyokaa Uingereza nilipata riziki ya wikendi kwa kubeba spika za bendi za baa, kwa hiyo hesabu za usiku mmoja nazijua kwa mgongo wangu. Nikupe mfano wa kubuni, si daftari la Levellers. Baa ina chumba cha nyuma, wameingia watu mia, kiingilio pauni tatu. Hizo ni pauni mia tatu. Fundi mitambo na spika zake anachukua themanini. Mwenye chumba hamsini. Petroli ya kwenda na kurudi arobaini. Bendi ya ufunguzi ishirini na bia. Zimebaki mia na kumi kwa watu watano na dereva, na bado waya za gitaa zimekatika mbili. Mtu anaondoka na pauni kumi na tano na viazi vya kukaanga. Kinachookoa usiku ni meza pale mlangoni yenye fulana na santuri, kwa sababu faida ya fulana moja inazidi viingilio viwili au vitatu. Ndiyo maana bendi yenye mchoraji ndani yake, kama hii, ilikuwa na mtaji ambao wenzao walilazimika kuununua. Mchoro wa Cunningham ulikuwa kifuani mwa mtu kabla wimbo haujafika redioni.

Na ile mia ya watu haikupatikana kwa tangazo. Ilipatikana kwa kurudi. Unapiga mji huu, wanakuja thelathini. Unarudi baada ya miezi mitatu, wanakuja sabini, maana kila mmoja kamvuta rafiki. Levellers walikuwa na bahati moja juu ya hiyo: umati wao wenyewe ulikuwa wa watu wa barabarani. Mtu aliyewaona Brighton angeweza kuonekana tena Bristol wiki ijayo, na mwezi unaofuata yuko kwenye tamasha la bure shambani akiwa na kanda yao kwenye basi lake. Hakuna idara ya matangazo inayoweza kukupa hiyo. Jina lilitembea kwa magurudumu.

Hag, basi, ilikuwa nini? Usifikirie ofisi. Lebo ya namna hiyo ni jina lililoandikwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri, bili ya kiwanda, na maboksi chini ya kitanda cha mtu. Njia ilikuwa imeshafunguliwa. Mwishoni mwa 1976 bendi ya Buzzcocks ya eneo la Manchester ilikopa pauni 500, ikarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 ikatoa nakala elfu moja kwa lebo yake yenyewe, na baada ya hapo kila kijana Uingereza alijua kwamba kiwanda cha santuri hakiulizi wewe ni nani, kinauliza hela iko wapi. Kazi ngumu ikawa kuzifikisha madukani, na hapo wakatokea wasambazaji huru, kama Rough Trade ya London na wenzake wa mikoani. Tangu Januari 1980 kukawa na chati maalumu ya santuri huru. Kipimo cha kuingia humo hakikuwa mtindo wa muziki hata kidogo: walichoangalia ni kama santuri imesambazwa nje ya njia za makampuni makubwa. Siku hizi neno hilo la huru, indie kwa Kiingereza, limekuwa jina la aina fulani ya gitaa na aina fulani ya nywele. Zamani lilikuwa swali la lori la nani limebeba mzigo.

Santuri ya kwanza, "Carry Me", ilitoka 1989 ikiwa na nyimbo nne, mmojawapo ukiwa "England My Home". Ya pili, "Outside/Inside", ikafuata mwaka huo huo. Ukizisikiliza leo utasikia bendi ambayo haijajua la kufanya na studio. Wanacheza kama vile bado kuna watu wa kurushwa juu. Mimi napenda hivyo. Sauti ya Chadwick iko mbele, kavu, lafudhi yake ya kusini mwa Uingereza haijafichwa. Wakati ule waimbaji wengi wa roki wa Kiingereza walikuwa wakiazima midomo ya Wamarekani, na jambo hilo dogo lilikuwa na uzito wake.

Kwa nini basi wakasaini na Wafaransa? Mzee wako atasema hawakusaini, au atasema walilaghaiwa. Jibu langu ni la kibiashara. Santuri fupi unaweza kuilipia kwa fulana. Albamu haiwezekani hivyo: kuna wiki za studio, kuna mtayarishaji, kuna maelfu ya nakala zinazotakiwa kulipiwa kiwandani leo wakati duka litakulipa baada ya miezi. Na ikiuza sana ndipo unapofilisika haraka, kwa sababu unatakiwa kuchapisha nyingine kabla hujapata hela ya zile za kwanza. Lebo nyingi ndogo zimeuawa na wimbo uliopendwa. Kwa hiyo ikaja Musidisc, ikaja albamu *A Weapon Called the Word* mwaka 1990, na ndani yake nyimbo za zile santuri za Hag zikapata nyumba ya kudumu. Haikuingia kwenye chati kuu. Ikawa inauzwa polepole, miaka na miaka, kama mchele.

Wakati huohuo walikuwa njiani. Walizunguka na New Model Army, bendi ya Bradford iliyokuwa na wafuasi wanaosafiri nyuma yake nchi hadi nchi, na hapo nadhani ndipo walipojifunza somo kubwa kuliko lolote la studio: kwamba mashabiki elfu tano wanaokuja kila mara wana thamani kuliko laki moja walionunua mara moja. Friend alipoingia, bendi ikawa na waimbaji wawili wanaotunga, na ule ukali wa punk, roki ya haraka na hasira, ukapata mwenzi wake mpole.

China Records iliwachukua mwaka 1991. Mwenye kampuni alikuwa Derek Green, na hapa niruhusu nicheke kidogo. Mwaka 1977 bwana huyu alikuwa mkuu wa A&M, kampuni ya santuri ya Kimarekani, tawi la Uingereza. Ndiye aliyewasaini Sex Pistols, bendi ya punk, kwa mbwembwe nje ya kasri la malkia, na ndiye aliyewafukuza baada ya wiki moja tu, santuri zao zikaharibiwa. Miaka kumi na nne baadaye yeye mwenyewe ana kampuni huru, anasaini wahuni wa Brighton wenye fidla. Safari hii hakumfukuza mtu.

Albamu ile ya pili, *Levelling the Land*, ilitoka Oktoba 1991, mtayarishaji akiwa Al Scott, ikafika nafasi ya 14 kwenye chati kuu. Wimbo wa "One Way", ambao leo umati unauimba mpaka mwimbaji ananyamaza kuusikiliza, uliishia nafasi ya 51 tu ulipotoka. Hebu uangalie huo mpangilio: albamu inapanda juu, wimbo wake mkubwa hauonekani redioni. Bendi inayotegemea redio huwa kinyume chake. Hii ilikuwa inanunuliwa na watu waliokwisha kuamua tangu kwenye chumba cha nyuma cha baa. Mwaka uliofuata "15 Years" ikafika nafasi ya 11, na hapo hata waliokuwa wamefunga masikio wakalazimika kufungua.

Waandishi wa magazeti ya muziki ya London hawakuwapenda, tena si kwa siri. Waliwabeza kwa nywele, kwa mbwa wa mashabiki, kwa buti zenye matope, na kuna jina la kejeli, "crusties", lililowaita watu wa aina hiyo kana kwamba wana magaga mwili mzima. Sehemu ya kejeli hizo ilikuwa ya tabaka, tuseme ukweli. Sehemu nyingine ilikuwa haki: baadhi ya mashairi ya mwanzo yanahubiri mno, unasikia kidole kinanyooshwa kabla ya ala kuanza. Lakini bendi iliyojenga umati bila magazeti haiwezi kubomolewa nayo. Hapo ndipo uhuru wao ulipokuwa, dada. Mkataba walikuwa nao. Ila hakukuwa na mtu mwenye ufunguo wa mlango kati yao na watu wao, si kampuni, si redio, si mhariri.

Nije kwenye fidla, maana swali lako hilo ndilo lililonifanya niache kazi nyingine.

Fidla ya taarab, unavyoijua, huenda pamoja na mwimbaji. Zinakaa safu, zinapiga sauti moja, zinamfuata mwimbaji kwenye mstari, akinyamaza zinamjibu, na baina yao kuna kanuni, udi na akodioni. Upinde unavutwa mrefu. Ni fidla inayobembeleza hata inapolia. Sevink yuko peke yake, na mbele yake ana dramu na gitaa la umeme, kwa hiyo hana nafasi ya kubembeleza. Upinde wake ni mfupi, unakatakata, anarudia kijineno kimoja cha muziki mara nane, mara kumi na sita, mpaka kinakuwa msumari. Kazi ambayo bendi nyingine za roki humpa mpiga gitaa la solo, hapa anaifanya yeye. Sikiliza "The Riverflow" uone: ukiitoa fidla ile, wimbo unabaki mifupa.

Kifundi si jambo jepesi. Fidla ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani, na sanduku hilo linasikia kila kitu. Ukiweka maikrofoni mbele yake karibu na dramu, maikrofoni inachukua dramu kuliko fidla, na ukiongeza sauti spika zinaanza kupiga ukunga. Kwa hiyo unabandika pikapu, kidude cha kunasa mtetemo, kwenye kile kidaraja kinachoinua nyuzi, ili mtetemo wa nyuzi uende moja kwa moja kwenye amplifaya. Lakini pikapu nayo inatoa sauti nyembamba, kama nzi kwenye kopo, inabidi fundi aipunguze ukali wa juu na kuipa tumbo. Nimewahi kumwona fundi wa baa akihangaika saa nzima na fidla moja huku wapiga gitaa wawili wakisubiri na bia zao. Halafu kuna la mpangilio: gitaa la Chadwick mara nyingi linachapa nyuzi zote kwa pamoja tu, haligusi eneo la sauti za juu. Eneo hilo ameachiwa Sevink. Bendi zinazoshindwa kuchanganya fidla na roki, kosa lao huwa hapo, kila mtu anataka kukaa sebuleni.

Je, ni muziki wa jadi? Kwa maana ya nyimbo za zamani, hapana. Mwaka 1969 Fairport Convention, kwenye albamu yao *Liege & Lief*, walichukua tenzi za kale za Kiingereza na Kiskoti kama "Matty Groves" na "Tam Lin" wakazitia umeme. Wale ndio wanaoitwa wazee wa fani hii, na walikwenda kwenye maktaba. Baadaye The Pogues wa London, kuanzia 1982, wakaiingiza punk kwenye nyimbo za Kiireland. Levellers wamewafuata wote wawili, lakini nyimbo zao za mwanzo ni utunzi wao wenyewe. Walichorithi kwa wazee ni ala, na zaidi ya ala ni ile kazi ya wimbo kupeleka habari. Kabla ya magazeti, mwimbaji wa Kiingereza alisimama sokoni akaeleza nani kanyongwa, meli gani imezama, vita gani imepiganwa. Ule wimbo wa Shamba la Maharage ni wa ukoo huo: anayesimulia yuko shambani, anaona, anasema. Sisi tuliokua na tenzi za vita tunaelewa upesi. Mtu anayeandika historia kwa vina hataki uipende sauti yake kwanza, anataka usisahau.

Yaliyofuata nitayapita mbio, kwa sababu uliniuliza mwanzo. Albamu ya 1993, yenye jina la bendi, nafasi ya pili. Tamasha la Glastonbury, 1994, wao ndio waliofunga Ijumaa kwenye jukwaa kuu. *Zeitgeist* ya 1995, nafasi ya kwanza. Na mwaka huo wa 1994, hela zilipoingia, hawakununua majumba ya kifahari: walinunua kiwanda kilichoachwa hapo hapo Brighton, upande wa Kemptown, kinaitwa Metway, wakakifanya studio, chumba cha mazoezi na ofisi. Kama hospitali yako ni ya upande huo, huenda unapita jirani yake ukienda zamu. Baadaye kabisa ndipo walipoanzisha lebo yao nyingine, On the Fiddle, jina lenye mzaha ndani yake, kwani kwa Waingereza kuwa kwenye fidla ni kufanya ujanjaujanja wa hela. Nadhani mzee wako ameichukua lebo hii ya uzeeni na kuirudisha kwenye ujana wao. Msamehe. Wenye bendi wanayoipenda hufanya hivyo.

Na kuhusu kusimama: usikubali akupeleke mbele katikati. Pale panarukwa, na viatu vyao si vya zamu ya wodini. Tafuta meza ya fundi mitambo, kwa kawaida iko kama theluthi mbili ya ukumbi kutoka jukwaani, usimame mbele yake hatua mbili, kidogo upande ule aliko Sevink. Hapo sauti imepangwa kwa ajili ya masikio ya mtu aliyekaa hapo hapo, na utaiona mikono yake. Beba vizibo vya masikio. Wakifika "One Way" mzee atakuacha akimbilie mbele, na miaka yake yote, mshikie koti.